Meno ya Kijiko

Kilichomshangaza Raili kwanza ni mate.

Mtambo wa kuchimba ulikuwa umelala karakanani siku kadhaa, mkavu, na kijiko chake, lile bakuli kubwa la chuma linalochota udongo, kimeegemezwa juu ya magogo. Lakini ukingoni ulining'inia uzi mzito, mweupe, ukivutika kuelekea sakafuni bila kukatika. Nzi walikuwa wakiunywa.

"Grisi mbovu," akajisemea, akaufuta kwa kitambaa. Kitambaa kikawa vuguvugu mkononi.

Raili ndiye aliyekuwa fundi mkuu pale, na ndiye aliyeandaa maagizo ya spea. Kampuni ilichimba udongo mweusi wa kinamasi, ule unaokaushwa ukachomwa kama kuni, na kiangazi cha kaskazini mwa Finland ni kifupi. Mtambo ukilala, mwaka umepotea. Meno ya kijiko yalikuwa yamelika. Kazi yake ilikuwa kukwangua tope, asome namba iliyo kwenye kila jino la chuma, apime pini zake, apeleke agizo mjini. Kazi fupi: angemaliza kabla kahawa yake haijapoa.

Akashika bisibisi, akakwangua. Tope likabanduka vipande vipande, kisha likagoma. Likabonyea. Chini yake palikuwa pa waridi, pamelowa, na alipogusa tena pakatoka damu nyepesi, na harufu ikampiga usoni: kinywa cha mtu mwenye homa, na nyuma yake uvundo wa nyama iliyosahauliwa mfukoni. Katikati ya meno mawili ya chuma, ndani ya ufizi, lilikuwa limeota gego la binadamu, la manjano, limevishwa dhahabu.

Raili akatapika juu ya viatu vyake.

Dhahabu ile aliijua. Aliiona kila Jumapili mezani kwake, shemeji yake anapocheka. Urho, mume wa marehemu dada yake, ndiye dereva wa mtambo ule, na tangu uegeshwe alikuwa amejifungia nyumbani akidai ana mafua.

Akamfuata. Urho alifungua mlango huku amefunika mdomo kwa kiganja.

"Shemeji, fungua mdomo."

"Kwani umekuja kuninunua? Anayekaguliwa meno ni farasi." Maneno yalimtoka yakiwa tepetepe, kama ya mtoto.

"Fungua, Urho."

Akafungua. Meno yalikuwa yamebaki machache tu. Kwingine ni mashimo meupe yaliyolowa.

"Yananitoka usingizini," akanong'ona. "Nikiamka siyaoni. Nilidhani nayameza."

"Tangu lini?"

"Tangu nichimbe upande ule wa misonobari iliyokufa. Kijiko kiligonga kitu laini, nikasikia kama mtu anameza funda. Sikusema. Ungenicheka."

"Ningekucheka kweli," Raili akasema. "Sasa siwezi."

Wakaenda kwa Hilja, bibi mpiga chuku, aliyewafyonza watu damu chafu kwa pembe za ng'ombe katika sauna yake, chumba cha kuogea mvuke. Hilja akaingia karakanani, akanusa, akatema.

"Hili pepo halina mwili, linajiundia," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe unaagiza spea zako, nalo linakusanya zake. Likimaliza meno litataka ulimi. Mshike shemeji yako, asisogee."

Akapachika pembe juu ya ufizi ule, akafyonza, na kijiko kikaanza kutafuna, chuma kwa chuma, taratibu, kama mzee anayetafuna gegedu, na kila alipotema ndooni yalitoka maji meusi yenye nywele, yenye kucha, yenye vinyama vyeupe vilivyojikunja kama funza, na uvundo ukajaa karakana mpaka macho yakawachuruzika, na Urho akawa anatetemeka mikononi mwa Raili huku koo lake likimeza, likimeza, ingawa mdomoni hamkuwa na kitu.

Kisha ufizi ukanywea, ukawa kijivu. Meno ya Urho yaliyoota humo yakadondoka sakafuni. Akainama ayaokote, Hilja akamkanyaga mkono.

"Acha. Yameshakuwa yake."

Wakakivuta kijiko kwa trekta hadi kwenye shimo alilochimba Urho penye misonobari iliyokufa, wakakizamisha pamoja na meno, na Urho mwenyewe akakifukia. Kinamasi kikacheua mara moja, kikatulia.

Raili akaandaa agizo upya, safari hii la kijiko kizima. Bosi akauliza kulikoni.

"Kimeoza."

"Chuma hakiozi, Raili."

"Njoo unuse sakafu, bosi."

Akanusa akiwa bado mlangoni, akatia sahihi.

Majani yalipoanza kugeuka manjano, Raili alimsindikiza shemeji yake mjini kupimwa meno ya bandia. Urho alikuwa amenenepa kwa uji, na njia nzima alitania kwamba atachagua meno ya kijana. Daktari, binti mpole, akapitisha kidole kwenye fizi zake, kikasimama nyuma kabisa.

"Mzee, hapa kuna jino linaota."

"Kwa umri huu?" Raili akauliza.

Daktari akaligonga kwa kijichuma chake. Likalia. Raili alikuwa ameisikia sauti ile maisha yake yote ya kazi, nyundo ikigonga chuma.

Mdomo wa Urho ukaanza kujifumba wenyewe, polepole, kidole cha daktari kikiwa bado ndani, na macho ya Urho yakamwomba Raili aje aushike.