Skrini ya Stoo

Amri ya uhamisho ilikuwa imefutwa. Asubuhi meneja alifungua kompyuta kuu ya kampuni akakuta patupu: hakuna jina hata moja la waliopaswa kwenda kufungua tawi jipya, kule mbali. Akapiga simu polisi huku akifoka.

Inspekta hakuzipenda kompyuta. Aliwapenda waongo, maana hao alikuwa amewazoea.

"Nani kafuta?" alimuuliza fundi wa kompyuta.

"Hakuna mtu, afande. Ni kazi ya foleni. Mashine hujiendesha yenyewe na kusafisha mafaili ya zamani. Imekosea."

"Mashine ikosee, watu wapone! Haya, nionyeshe."

Fundi alisita. Kumbukumbu za mtambo huonyesha aina ya kila kazi: ama ya foleni, isiyo na mtu, ama ya ana kwa ana, mtu akiwa ameketi anabonyeza. Na hii ya pili hubeba jina la skrini aliyoitumia.

"Soma."

"Ana kwa ana," fundi alinong'ona. "Skrini ya stoo."

"Stoo anakaa nani?"

Fundi alianza kufutafuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati.

"Nimekuuliza, ndugu yangu."

"Mke wangu."

Lo! Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ameivaa nguo hiyo akijua.

Karani wa stoo aliletwa. Hakujisumbua kukana.

"Ni mimi, afande. Jina la mume wangu lilikuwa la kwanza. Juzijuzi tu ndiyo amerudi kutoka tawi jingine la mbali! Miaka yote nimelala na simu sikioni. Nimemkosa mpaka nikawa nanusa mashati yake kama kichaa. Leo wamchukue tena? Sikuweza."

"Wataandika upya, dada."

"Waandike. Asubuhi hii amekunywa chai nyumbani kwake."

Inspekta akamgeukia mume. "Na wewe ukamkingia kifua kwa mapenzi?"

"Kwa aibu, afande." Fundi alitazama sakafu. "Uhamisho niliuomba mwenyewe."

"Uliuomba?" mke aliuliza.

"Mtoto ananiita mjomba. Kila nikiingia, 'Mama, mjomba amekuja.' Nikaona heri nitamaniwe nikiwa mbali kuliko kuwa mgeni kwangu."

Mke alimtazama, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Angezoea, mume wangu," alisema. "Hata mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kukuzoea."