Sumaku ya Redio ya Doyo

Kila asubuhi Doyo aliwasha redio yake na kuisikiliza kwa heshima, kama anayesikiliza wakwe. Mkewe, Qabale, alimcheka huku akikamua mbuzi.

"Hiyo redio ingejua kupika, ungeioa," alimwambia.

Lakini asubuhi moja, hapo kwao Kulamawe, redio ikanyamaza. Doyo mwenyewe aliivunja, na aliivunja kwa mapenzi.

Qabale alikuwa amegusa kitu kigumu kwenye titi lake akioga. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Alimwambia mumewe peke yake. Doyo akakosa raha. Ndipo akasikia redioni kwamba wataalamu wanabebesha bakteria dawa, kisha wanaziongoza kwa sumaku mpaka kwenye uvimbe. Hakungoja habari iishe! Alifungua redio, akang'oa sumaku ya spika.

"Mama Abdub, dawa iko hapa nyumbani," alimwambia mkewe. "Si bakteria ndiyo inagandisha maziwa? Wewe kunywa maziwa lala. Sumaku itaivuta mpaka hapo kwa uvimbe."

Qabale alitaka kucheka. Kisha akaiona ile redio, matumbo nje, akashindwa. Aliifunga sumaku kifuani kwa kitambaa, akanywa maziwa lala kila siku.

Mwezi ukapita. Punje ikawa kama harage. Sasa Qabale aliogopa sana, lakini kila asubuhi mumewe alimtazama kwa matumaini, naye hakuwa na moyo wa kumwambia.

Siku moja Kinanu, muuguzi na jirani yao, alikuja kununua maziwa. Qabale akainama kumpimia. Tap! Kikombe cha bati kikanasa kifuani pake.

"Woi! Mama Abdub, umeweka nini hapo?"

Qabale alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha yakawa machozi ya kweli, akaeleza yote.

Kinanu hakucheka. Alimwita Doyo, wakaketi.

"Mzee, redio haikudanganya. Lakini wewe ulisikia nusu."

"Nusu gani tena?"

"Bakteria hizo si za maziwa. Zinaishi kwa matope, chini ya maji. Ndani yao kuna chembe ndogo sana za sumaku. Ndiyo maana mtaalamu anaweza kuziongoza na mashine, vile wewe unaongoza ngamia na kamba. Tena zinapenda mahali hewa ni kidogo, na katikati ya uvimbe hewa ni kidogo. Zikifika karibu, zinaingia zenyewe na dawa yao. Dawa haisumbui mwili wote."

"Basi twende huko!" Doyo akasimama.

"Keti, Mzee. Bado wanajaribu kwa panya, kwa maabara. Hospitali yetu haina dawa hiyo. Lakini kupimwa kuko, leo. Si kila uvimbe ni saratani. Daktari atatoa nyama kidogo na sindano, ipimwe. Na kama ni saratani, ikishikwa mapema inatibika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Doyo akainamisha kichwa. "Wallahi, nimemchelewesha mke wangu."

"Wacha!" alisema Qabale. "Umeua redio kwa ajili yangu. Mwanamume gani mwingine hapa amefanya hivyo?"

Kesho yake waliwaachia majirani mbuzi wao, wakaenda hospitali Isiolo. Doyo alimbebea mkewe mkoba foleni nzima. Wanaume wenzake walimtazama. Watazame!

Vipimo vilionyesha ni saratani, lakini ilikuwa bado ndogo, haijasambaa. Qabale alipasuliwa, akapewa dawa. Dawa zilimchosha, siku nyingine hata chai haikupita. Doyo alimletea maziwa yaliyochemshwa, maana Kinanu alikuwa ameamuru hivyo. Safari hii yalikuwa chakula tu.

Hatimaye daktari akasema, "Uvimbe umeisha, mama. Lakini usiache kuja kuangaliwa."

Qabale alirudi nyumbani, akauza mbuzi wake mmoja, akamnunulia mumewe redio. Ile sumaku aliiweka kwenye kikapu chake cha kushonea, ikawa inamwokotea sindano.

Asubuhi ya kwanza, redio ikatangaza habari ya dawa mpya. Doyo aliinua kidole, mtu yeyote asiseme. Qabale akatulia na chupa ya chai mkononi, akimtazama huyu mzee wake kwa upendo. Habari ikasomwa, ikaisha yote. Ndipo Doyo akachukua simu.

"Kinanu," alisema, "leo nimesikia mpaka mwisho. Sasa niambie ile imebaki."