Ufunguo wa Kwanza Kwenye Orodha

Risasi ya kwanza, kutoka dirisha la juu, ilimkosa Kigingi, ikavunja kioo cha mlango. Ya pili ilimpata mlinzi wa maabara shingoni. Akaanguka bila hata kusema ah.

Redio ikakoroma sikioni. Alikuwa mkuu wake wa kazi.

"Shanga imekatika," akasema, fumbo lao la uvamizi. "Ghorofa ya tatu. Watu watatu."

"Na dada yangu?"

"Wanaye."

Kigingi, jasusi asiyependa maneno mengi, akachomoa bastola yake ya Glock na kuparamia ngazi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Dada yake ndiye mtunza kanzidata mle: maelfu ya vipande vifupi vya protini, herufi tano au sita kila kimoja, vinavyofanya kazi kama funguo za kuingilia kwenye seli. Wiki iliyopita genge la magendo ya silaha liliiba nakala, likachukua ufunguo wa kuingizia sumu yake mwilini. Leo limekuja kuteketeza kanzidata na mtunzaji wake, asiwepo wa kutafuta dawa.

Kwenye korido jamaa wa kwanza aligeuka.

Risasi mbili za kifua.

Wa pili alimrukia na kisu. Kigingi akaudaka mkono, akauvunja kiwikoni, akambamiza kichwa kwenye friji ya sampuli mpaka akatulia.

Akafungua mlango kwa teke.

Kiongozi wa genge, Mzee wa Glavu, alikuwa amevaa barakoa ya gesi. Mkono mmoja ulimkaba dada na kumfanya ngao. Mwingine uliinua kichupa.

"Nipishe, la sivyo nakivunja kichupa hiki cha sumu!"

Kigingi akaganda. Dada huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Mmetumia ufunguo upi?" dada akauliza kwa shida.

"Wa kwanza kwenye orodha. Kompyuta yenyewe imeupa alama za juu."

"Maelezo ya pembeni hukusoma?"

"Maelezo gani?"

Dada akamtazama mdogo wake. "Vipande vifupi hivyo hulingana kwa bahati tu, kila mahali; alama za juu si ushahidi kwamba ufunguo unafungua. Njoo, mdogo wangu. Mwache avunje."

Mzee wa Glavu akakibamiza kichupa sakafuni, kikapasuka. Ukungu mweupe ukajaa chumba.

Kigingi akavuta pumzi, akaingia. Dada akamng'ata yule bwana mkono, akachomoka.

Risasi moja, katikati ya vioo vya barakoa.

Kigingi alishika kifua, akasubiri kufa. Akakohoa. Hakufa.

"Ulikuwa na hakika, dada?"

"Kwenye seli tulijaribu mara tatu." Aliivuta kibodi, damu ya mtu mwingine shavuni. "Kwa binadamu tulikuwa bado."

Akaandika pembeni mwa ufunguo wa kwanza: *Umejaribiwa kwa watu wawili. Haufanyi kazi.*

Kigingi akamfuta shavu kwa kiganja, akairudisha Glock kiunoni na kwenda kutafuta maji ya kunywa.