Jina la Tevita

Haya yalimpata rafiki yangu Mereana, ofisini kwao Wellington, wanakotengeneza tovuti. Marehemu Tevita aliwaandikia kipande kidogo cha programu kinachochanganya orodha ya majina yao matano na kutoa moja: mwenye jina ndiye anayepika chai ya saa tisa alasiri. Baada ya mazishi, Mereana alilifuta jina la Tevita bila kuhisi chochote, akakiendesha.

Kikatoa: Tevita.

"Umesahau kuhifadhi, dada," alisema Hugh, mwenzake. "Chai hiyo tutaisubiri sana."

"Nimehifadhi. Orodha hii hapa, tumebaki wanne."

Wote wanne walikuwa wameketi. Jikoni, kusikokuwa na dirisha wala taa iliyowashwa, birika likaanza kuchemka. Kisha kijiko kikasikika kikikoroga kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kikanyamaza kidogo, kikakoroga cha tano.