Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Rafiki yangu dereva teksi hatii chumvi kwenye mboga, seuze kwenye maneno. Abiria walipoadimika, aliipandisha gari juu ya mawe kwenye banda la nyumbani, akang'oa betri, akafunga milango, akaifunika turubai. Ufunguo akauvaa shingoni.

Baada ya miezi miwili akarudi bandani na betri begani. Gizani, chini ya turubai, kitu kilikuwa kikitafuna taratibu, nyamu-nyamu, kama kizee kibogoyo.

"Panya hao, baba watoto," mkewe alisema, ameziba pua.

Dereva akafunua turubai, akafungua mlango wa nyuma kwa ule ufunguo wa shingoni. Uvundo ukampiga usoni. Kutafuna kukakoma. Kitini hapakuwa na kitu, ila mkanda ulikuwa umefungwa, umekazwa kama uliobana tumbo la mtu. Akaushika. Mkono ukateleza kwenye mate, nayo bado yalikuwa vuguvugu.