Wembe Kwenye Koo la Mzee Kimya

Mtaani walimwita Haleluya, na jina lilimkaa. Alikuwa kinyozi, na ukishakalia kiti chake, kidevu kakishika, povu limefika masikioni, utakimbilia wapi? Utahubiriwa upende usipende. Alianza taratibu: watoto hawajambo? Kazi inakwendaje? Usingizi unapata? Ukisema hupati, umekwisha. Wembe unateremka, Injili inateremka nao. Wengine waliinuka wakicheka. Wengine waliinuka wakifuta machozi, wakasingizia povu.

Kiti cha pili kilikuwa cha shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana wa maneno mengi.

"Shemeji, mimi nitaokoka siku kiti hiki kikiota majani," alimwambia kila alipohubiriwa.

Haleluya alicheka tu. Alimpenda kama ndugu wa tumbo moja, na kila alfajiri alimwombea.

Wiki moja mama mmoja muuza mkaa, aliyeokoka hapohapo kibandani wakati mwanawe ananyolewa, alileta hirizi zake zote akazichoma mbele ya mlango. Watu wakajaa kushangilia. Hirizi zile zilitoka kwa Mzee Kimya, mganga wa nyuma ya soko, ambaye watu walimwamkia bila kumtazama usoni. Moshi wa hirizi hizo ulinuka nywele za mtu.

Jumamosi, jua likiwa la utosi, Mzee Kimya aliingia mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kunyolewa." Akaketi. "Na kusikia. Naambiwa una habari njema unawagawia watu. Mimi mbona hujaniletea?"

Swali lilimchoma Haleluya kwa sababu lilikuwa la haki. Miaka yote alikuwa anaupita mlango wa mzee huyu kwa mbali. Akamfunga taulo shingoni, akampaka povu, akafungua wembe mpya.

"Mzee wangu," alianza, "Yesu anakupenda hata wewe."

Mkono ukateleza. Hakuusukuma yeye. Aliuona wembe ukizama kwenye koo la mzee, akangoja damu. Haikutoka.

Nyuma yake kitu kikaanguka. Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma sakafuni, na shemeji amejishika shingo. Damu ilimchuruzika katikati ya vidole.

"Shemeji," alinong'ona, "umenikata?"

Walikuwa wamepeana migongo. Mteja wa shemeji alishatoka mbio.

"Endelea," alisema Mzee Kimya, amefumba macho. "Ulifika kwenye kupenda."

Haleluya alitaka kuutupa wembe. Vidole havikufunguka. Akavivuta kwa mkono wa kushoto. Vilikuwa baridi, vigumu, kama vya maiti.

"Yesu, nisaidie!"

Wembe ukashuka tena. Shemeji akapiga yowe. Shati lake likaloa mpaka kiunoni.

Kijana yule alikuwa na hasira za karibu. Alinyanyua kigoda cha chuma akamtwanga mzee kichwani kwa nguvu zake zote. Mfupa ulisikika ukipasuka. Lakini paji lililochanika lilikuwa la shemeji mwenyewe. Akaanguka kifudifudi, damu ikimjaa machoni.

Mzee hakutikisika. Hata povu lake halikuharibika.

"Sema humjui," alisema polepole. "Neno dogo tu. Mkono utafunguka, utamfunga kijana vidonda. Ukinyamaza, mimi nitangoja. Yeye hatangoja."

Shemeji alikuwa anatambaa kwenye nywele za wateja, zikimganda usoni.

"Mkane," alinong'ona. "Mkane, shemeji. Nina mtoto mchanga. Mungu ataelewa."

Hapo Haleluya akaijua hofu. Petro alikana kuokoa shingo yake mwenyewe. Hii ilikuwa shingo ya ndugu. Akafungua mdomo. Kweli, alifungua. Neno lilishafika kwenye ncha ya ulimi.

Kabla hajalitamka, wembe ukaanza kusogea wenyewe.

Akaachana na maneno. Akajitupa upande wa mlango, mkono ukimvuta kurudi kwenye lile koo kama mbuzi anayekataa kamba. Akauchomeka mkono kati ya mlango wa chuma na fremu yake. Akaubamiza mlango kwa bega. Mifupa ikalia. Vidole havikufunguka. Akabamiza tena. Tena. Ngozi ikachanika, ukucha ukaruka. Sasa alilitaja lile Jina kwa sauti, kila pigo, maana wembe haukuwa tena na shingo ya kukata. Tena. Mpaka wembe ukadondoka.

Mzee Kimya aliinuka, akajifuta povu mbele ya kioo. Koo lake halikuwa na hata mkwaruzo.

"Shingo nimekuachia," alisema akimruka pale mlangoni.

Majirani waliwabeba wote wawili hospitali. Shemeji alishonwa, akapona. Siku hizi hukaa benchi la nyuma kanisani, hasemi ameokoka, hasemi hajaokoka. Mzee Kimya hajaonekana tena. Chumba chake kilikutwa kitupu, kimefagiwa.

Haleluya hakuacha kushuhudia. Unyozi ndio aliouacha, maana mkono haukurudi. Madaktari walisema mifupa imeunga vizuri, ila ngumi ilijifunga tangu siku ile na haifunguki, wala kwa maji ya moto wala kwa dawa. Huifunika kwa kitambaa, akatembea nyumba kwa nyumba, na watu husalimiana naye kwa kushoto.

Juzi aliongoza sala ya toba kwa mama mmoja mgeni. Walipomaliza, yule mama, machozi ya furaha yakimtoka, aliikamata ile ngumi kwa mikono yake miwili. Akaibana kifuani. Kisha akatulia. Kisha akaiachia ghafla, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Kaka," alinong'ona, "humo ndani kuna kitu kinapumua."