Ndoo za Maji kwa Mforsadi wa Baba

"Mti uko wapi hapa, Efraín? Nionyeshe!"

Yesenia aliibamiza fomu ya njano juu ya boneti ya gari la ukaguzi wa maji. Nywele zilikuwa zinamchuruzika. Alitoka kazini bila hata kujifuta. Kazi yake ni kupiga mbizi katika ziwa la hoteli moja ya Las Vegas, kusugua taa za zile chemchemi zinazorukaruka kwa muziki katikati ya jangwa.

"Mpenzi, punguza sauti. Majirani..."

"Wasikie! Umeandika nyasi za uwanja wa mama zing'olewe kwa sheria yenu ya kubana maji, bomba likatwe, na jana mafundi wamelikata. Penye 'miti' umeweka sifuri. Ule mforsadi alioupanda marehemu baba ni nini, mwavuli?"

Efraín alivua miwani. Wakaguzi wote wanalijua hili: mti ukiandikwa, mafundi wanauachia mpira wa matone. Usipoandikwa, hauvuki kiangazi.

"Nilisahau."

"Ulisahau? Mti tunaofungia ndoa chini yake Jumamosi? Haya, soma."

Akamsogezea simu puani. Ulikuwa ujumbe wa wakala wa nyumba: "Hongera! Mchumba wako amethibitisha kwamba mama yako atahamia nyumba yenu mpya Oktoba. Chumba chake kinatazama ziwa."

Efraín akaisukuma simu kando.

"Mama alikwambia mbele yangu: mti huu ukiwa hai, haondoki. Nami simwachi. Ukapiga hesabu zako. Mti ufe, mama ahame, wewe upate nyumba yako ya fahari!"

"Nilitaka muishi vizuri, Yesenia! Kule kuna ziwa!"

"Ziwa? Mimi nashinda ziwani kutwa! Hoteli zinawamwagia maji watalii, halafu unakuja kumkatia mjane?"

Mjane mwenyewe, Mama Eulalia, alikuwa mlangoni, amekunja mikono.

"Kijana, mume wangu alikoroga zege la hoteli hizo miaka ishirini. Mji mzima umeniachia kivuli kimoja tu. Nacho umekionea choyo?"

Efraín aliinamisha kichwa.

"Na harusi je?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Karamu iko palepale," Yesenia alisema. "Bwana harusi ndiye hayupo."

Jioni ile wageni wote walipata ujumbe mmoja: "Msilete zawadi. Kila mtu aje na ndoo ya maji aliyoogea."

Jumamosi saa sita mchana, jua linakaanga lami, wakaja. Shangazi kutoka Henderson, mji wa jirani, na viatu vya visigino, ndoo kichwani, anatukana njia nzima. Wajomba na tai zao. Wakamwaga mmojammoja shinani, na ardhi ikanywa kama haijawahi kuonja.

Efraín akatokea na suti yake ya harusi, fomu mpya mkononi.

"Nimeandika. Mti mmoja, mforsadi. Jumatatu mafundi wanaufungia mpira wa matone. Na bosi nimemwambia ukweli wote."

Yesenia akaisoma mara mbili, akaikunja.

"Asante, bwana mkaguzi."

"Bwana mkaguzi? Yesenia, nakupenda."

"Nawe ulikuwa unamuua baba yangu mara ya pili. Imebaki ndoo moja pale. Imwage, kisha uende."

Aliimwaga taratibu, maji yakamrukia mpaka magotini. Kisha akashika njia, hakuna aliyemsindikiza.

"Maskini, viatu vyake vimelowa," Mama Eulalia alinong'ona.

"Vitakauka, mama," Yesenia alisema, akavuta kiti kivulini. "Hapa ni jangwani."